Pesa za Wazee, Harambee na Siasa ya Kujitegemea

Kila zinapoingia pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wengine wasiojiweza, swali lile lile huzuka hapa Kisumu, barazani kwa chifu na kwenye steji ya boda: mbona serikali inawazoesha watu kupewa badala ya kuwafunza kujitegemea? Wanaouliza si watu wabaya. Wengi wetu tulilelewa na siasa iliyotuambia tangu uhuru kwamba nchi hujengwa kwa harambee na kwamba hakuna cha bure.

Tatizo ni kwamba kujitegemea kwetu hakukuanzia mahali pamoja. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, waziri wa mipango ya uchumi akiwa Tom Mboya, mtu wa Rusinga. Ulisifu desturi ya kusaidiana, kisha ukapendekeza pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na barabara, maana huko zingezaa haraka. Mwenye nacho akaongezewa. Asiye nacho akaambiwa asubiri. Harambee nayo ilijenga shule na zahanati nyingi, hilo halikatai mtu, lakini palipokuwa na waziri au tajiri mchango ulifurika, na kwa maskini ukuta ukaishia kwenye linta.

Kule Tanzania, Azimio la Arusha la 1967, tamko la siasa ya ujamaa, ndilo lililohubiri kujitegemea kwa ukali kuliko sisi. Hata hivyo liliwataja waziwazi wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao serikali haijaweza kuwapa kazi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inaifunga serikali vivyo hivyo: impe hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Kwa hiyo mzee anayepokea hajaomba hisani ya mtu, wala hana deni la kura kwa mwanasiasa yeyote.

Na pesa hizo hufanya nini? Tunao ushahidi wa jirani. Kati ya 2014 na 2017, katika vijiji 653 vya Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya familia 10,000 karibu dola 1,000 kila moja. Kigezo kilikuwa paa: nyumba ya nyasi inahesabiwa, ya mabati hapana. Watafiti wakafuata pesa. Aliyepewa aliezeka mabati, fundi akalipwa, fundi akanunua kwa mwenye duka. Kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo, bei hazikupanda kwa kiasi cha maana, na hata majirani ambao hawakupewa waliongeza matumizi. Wanaosema pesa zitaishia kwenye chang'aa wajue kwamba utafiti wa awali kule Rarieda, Siaya hiyo hiyo, haukuona pombe wala sigara zikiongezeka.

Shilingi elfu mbili kwa mwezi za Inua Jamii ni kidogo, hazijapanda kwa miaka mingi, na mara nyingi huchelewa. Sitazipamba. Ila mtazame nyanya anayelea wajukuu: analipa deni la unga dukani, kisha anatenga mia mbili za chama cha kuchangiana. Chama hakimpokei mtu mkono mtupu. Bila hizo mia mbili jina lake linafutwa, na zamu yake ya kununua kuku wa kufuga haifiki kamwe.

Wanaolengwa ni wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Usajili unapotangazwa, peleka kitambulisho kwa naibu chifu au afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Hulipi chochote, anayedai "ya chai" anavunja sheria. Majina yakisomwa barazani nenda usikilize, na ukisikia jina la mtu mwenye nyumba za kupangisha mjini, sema hapo hapo mbele ya watu.