Ipsus, 301 KK: tembo walioshinda kwa kuziba njia

Ipsus ulikuwa mji mdogo wa Frigia, katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Afyonkarahisar, magharibi mwa Uturuki. Hapo ndipo majemadari waliorithi dola ya Aleksanda Mkuu, aliyefariki mwaka 323 KK, walipopigana kuamua kama dola hiyo ingekuwa na bwana mmoja.

Aliyeitaka yote ni Antigonus, mzee wa chongo aliyepita miaka 80, pamoja na mwanawe Demetrius. Dhidi yao walisimama majemadari wenzake Lysimachus na Seleucus, wakiwa na askari walioletwa na Cassander, mtawala wa Makedonia. Ptolemy wa Misri hakufika. Aliposikia uvumi kwamba Antigonus ameshashinda, alirudi kwake.

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anatoa hesabu hizi: Antigonus alikuwa na askari wa miguu zaidi ya 70,000, wapanda farasi 10,000 na tembo 75. Wapinzani wake walikuwa na askari wa miguu 64,000, wapanda farasi 10,500, tembo 400 na magari ya vita 120. Kwa watu, basi, pande hizo zilikaribiana. Pengo lilikuwa kwenye tembo, na chanzo chake ni mapatano ya Seleucus na Chandragupta wa India, aliyempa tembo 500 naye akaachiwa ardhi ya mashariki.

Demetrius alianza vizuri mno. Aliwavunja wapanda farasi wa Antiochus, mwana wa Seleucus, kisha akawafukuza mbali kupita kiasi. Alipotaka kurudi, alikuta tembo wamepangwa katikati, kati yake na baba yake. Farasi asiyezoeshwa tembo hutishwa na harufu na sauti yao, hata umpige vipi hasogei. Kuwapita tembo hao hakukuwezekana.

Askari wa miguu wa Antigonus walibaki bila wapanda farasi wa kuwalinda ubavuni. Mikuki yao ya mita 5 hadi 6, inayoshikwa kwa mikono miwili, ni hatari kwa aliye mbele. Anayetokea kando haiwezi kumgeukia upesi. Seleucus hakuwavamia. Aliwazunguka akiwatishia na kuwapa muda wa kuhama upande, na wengi wakahama. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya werevu kuliko zote siku ile, kwa sababu askari wa kulipwa walikuwa na desturi ya kubadili bwana. Antigonus mwenyewe aliijua vizuri: miaka kama 15 kabla, askari wa adui yake Eumenes walimkabidhi kwake jemadari wao huyo ili warudishiwe mizigo na familia zao.

Antigonus alikataa kukimbia, akitumaini mwanawe angefika. Aliuawa kwa mikuki ya kurusha. Demetrius alitorokea Efeso na askari wa miguu 5,000 na wapanda farasi 4,000.

Lysimachus alichukua Asia Ndogo, Seleucus akapewa Shamu. Lakini kusini mwa Shamu kulikuwa kumeshakaliwa na Ptolemy, na njia ya tembo wa India ikawa mikononi mwa Seleucus. Ndiyo maana mwanawe Ptolemy, yaani Ptolemy wa Pili, alianza kuwinda tembo kwenye pwani ya Afrika ya Bahari Nyekundu. Huko Raphia, karibu na Gaza, Misri ilipopigana na mzao wa Seleucus mwaka 217 KK, wengi wa tembo hao wa Afrika waliwakimbia wale wa India, ingawa Misri ilishinda kwa askari wake wa miguu.