Ohio: wiki sita, kura mbili na neno "afya"

Kwa nini wapiga kura wa Ohio waliingiza utoaji mimba kwenye katiba ya jimbo?

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta haki ya kutoa mimba katika ngazi ya taifa na kuyaachia majimbo yaamue. Siku hiyohiyo sheria ya Ohio ya 2019, iliyokuwa imefungiwa mahakamani, ikaanza kufanya kazi: mapigo yakishaonekana kwenye altrasaundi, kama wiki ya sita, kutoa mimba ni marufuku isipokuwa kwa dharura chache. Septemba jaji akaisimamisha, lakini nani angejua mahakama ya juu zaidi ingesema nini kesho?

Wiki sita hazitoshi kuamua?

Hapa wengi hukosea hesabu. Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku mlipokutana, bali tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwenye mzunguko wa siku 28 akiona hedhi imechelewa, tayari ni wiki nne. Zimebaki mbili za kupima, kupata miadi, kutafuta nauli na kuomba ruhusa kazini. Anayenyonyesha, au ambaye hedhi yake hurukaruka, anaweza kufika wiki ya nane hajashtuka.

Mbona kura zilikuwa mbili?

Kwanza wabunge walitaka marekebisho ya katiba ya jimbo yahitaji asilimia 60 ya kura badala ya zaidi ya nusu tu. Tarehe 8 Agosti 2023 wananchi wakakataa. Tarehe 7 Novemba haki yenyewe ikapita kwa karibu asilimia 57. Mwaka uliofuata kura kama hiyo huko Florida nayo ilipata karibu 57, ikaanguka, kwa kuwa kule kizingiti ni 60.

Kifungu kinalinda nini?

Uamuzi wa mtu kuhusu uzazi wake: uzazi wa mpango, matibabu ya ugumba, kuendelea na mimba, huduma mimba inapoharibika, na kuitoa. Jimbo linaweza kukataza utoaji mimba pale mtoto akishafikia uwezo wa kuishi nje ya tumbo, ila si pale daktari anayemtibu mama anapoona maisha au afya yake iko hatarini.

Kwangu mimi uzito uko kwenye neno "afya". Chukua mama ambaye chupa imepasuka wiki ya 18. Uchungu hakuna, mapigo ya mtoto bado yapo, na maambukizi yanaweza kuingia wakati wowote. Daktari hahitaji kungoja homa ipande mpaka maisha yawe hatarini. Wakenya wanalijua neno hilo: Ibara ya 26 ya katiba yao ya 2010 inataja maisha au afya ya mama, ingawa kwao linakuja kama ruhusa ndani ya katazo.

Na mimba iliyotunga nje ya kizazi?

Hiyo haiwezi kukua ikazaliwa, na mrija ukipasuka mama huvuja damu ndani kwa ndani. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega: nenda dharura sasa hivi.

Basi sheria za zamani zilifutika zenyewe?

La. Kila moja hupingwa mahakamani peke yake. Agosti 2024 jaji alizuia sharti la kusubiri saa 24. Oktoba mwingine akaibatilisha ile ya wiki sita. Ukihitaji huduma, piga simu kliniki uulize sharti gani linatumika wiki hiyo. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp mwaka juzi hautakusaidia.