Nyundo za Pythagoras hazikulia hivyo

Kisa hiki kimesimuliwa kwa karibu miaka 1,900. Pythagoras alipita karibu na karakana ya mhunzi, akasikia nyundo zikipatana kwa mlio, akazipima na kukuta uzito wake ni 12, 9, 8 na 6. Ile ya 12 na ile ya 6, mbili kwa moja, zilipishana kwa oktava nzima, yaani sauti ileile, ila moja juu na nyingine chini. Nicomachus, mwanahisabati Mgiriki, alikiandika, Boethius, msomi wa Kirumi, akakirudia, na Ulaya ikakifundisha kwa karne nyingi.

Ni kisa kitamu, ila hakiwezi kuwa kweli. Mlio wa nyundo haufuati uzito wake kwa namna hiyo. Wasimulizi huongeza kwamba alitundika mawe ya uzito uleule kwenye nyuzi, akapata matokeo yaleyale. Hapo kosa linaonekana wazi, maana yeyote anaweza kujaribu: ukiuvuta uzi kwa uzito maradufu, haupandi oktava. Unahitaji uzito mara nne. Vincenzo Galilei, mpiga luti (ala ya nyuzi) na baba yake mwanasayansi Galileo, alilieleza jambo hili mwishoni mwa karne ya 16.

Kilicho kweli ni urefu. Bana uzi wa gitaa katikati kabisa, utapanda oktava. Acha theluthi mbili zilie, utapata sauti ya tano ya ngazi ya muziki. Robo tatu, sauti ya nne. Ni namba 1, 2, 3 na 4 tu, ambazo jumla yake ni 10, na wafuasi wa Pythagoras waliiheshimu mno namba hiyo. Kwangu, hilo linashangaza kuliko nyundo zote.