Kasha la Thomas Clarkson, mzaliwa wa Wisbech

Wisbech ni mji wa gulio kando ya mto Nene, mashariki mwa Uingereza. Katika makumbusho ya mji huo limehifadhiwa kasha la mbao ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa historia anapaswa kulifahamu. Mwenyewe alikuwa Thomas Clarkson, aliyezaliwa hapo mwaka 1760, mtoto wa mkuu wa shule ya mji.

Mwaka 1785, akisoma Cambridge, Clarkson alishinda shindano la insha ya Kilatini lililouliza kama ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao. Aliingia akitafuta sifa ya usomi tu, lakini aliyoyasoma yalimkosesha usingizi. Mwaka 1787 alikuwa mmoja wa watu 12 walioanzisha London kamati ya kupinga biashara ya utumwa. Tisa kati yao walikuwa Waquaker, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta ushahidi. Alizunguka kwa farasi hadi Bristol na Liverpool, akawahoji mabaharia vilabuni na bandarini, na huko Liverpool nusura asukumwe baharini na watu waliotaka kumnyamazisha. Katika duka moja la mji huo aliona vifaa vya meli za watumwa vikiuzwa waziwazi, akavinunua: pingu za mikono na miguu, chombo cha kubana vidole gumba, na chuma cha kupanulia kinywa cha mateka aliyegoma kula.

Ndani ya kasha aliweka pia bidhaa za Afrika: vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, pembe za ndovu, pilipili, ngozi, visu, vipande vya mbao nzuri. Hapo ndipo naona akili yake. Wakubwa walioamini kwamba Afrika haina cha kuuza ila watu aliwawekea vitu hivyo mezani wavishike wenyewe.

Shuleni jina la William Wilberforce ndilo linalotajwa zaidi, na ni kweli yeye ndiye aliyesimama bungeni. Lakini hotuba zake zilitegemea sana ushahidi wa Clarkson, na haki itendeke kwa wote wawili.

Wisbech ulimtoa pia mdogo wake Clarkson, John, aliyewaongoza watu weusi huru wapatao 1,200 kutoka Nova Scotia, katika Kanada ya leo, hadi Sierra Leone mwaka 1792, wakaanzisha Freetown. Octavia Hill, aliyezaliwa Wisbech mwaka 1838, alipigania makazi bora ya maskini wa London.

Sheria ya 1807 iliyozuia Waingereza kufanya biashara ya watumwa haikuzuia majahazi ya pwani yetu. Clarkson alifariki mwaka 1846, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali visiwani hadi 1897.