Je, wajua kwa nini kompyuta humkata ng'ombe vipande viwili?

Mpe mwanafunzi wa programu sentensi "Ng'ombe wetu ameng'ang'ania kubaki ng'ambo ya mto", umwombe aandike programu ya kuhesabu maneno yaliyomo, na huenda akakuletea jibu la 11, ilhali maneno ni 7. Kosa haliko katika kuhesabu. Ametumia rejeksi, yaani ruwaza fupi ya alama inayoieleza kompyuta sura ya maandishi yanayotafutwa, na ruwaza aliyoichagua ni \w+, ambayo masomo mengi ya mwanzo huifundisha kuwa ndiyo inayokamata neno.

Kwa kweli \w haijui neno ni nini. Katika lugha ya Python husimama badala ya herufi yoyote, tarakimu yoyote au mstari wa chini (_), na alama ya kujumlisha hudai ziwe moja au zaidi zilizofuatana. Hizo ndizo alama zinazofaa kuunda majina ya vigeu ndani ya programu, na ritifaa, yaani alama ya ' iliyomo katika ng'ombe, haimo miongoni mwake. Basi kompyuta ikiikuta ritifaa, hudhani neno limekwisha, na kutuachia Ng, ombe, wetu, ameng, ang, ania, kubaki, ng, ambo, ya na mto. Kiingereza nacho hupata jeraha hilo katika maneno yake yaliyofupishwa, lakini kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia ya sauti moja. Linaloudhi zaidi ni kosa lisiloonekana: "ng'oa" hutoa "oa", ambalo ni neno halali, na makala kuhusu kung'oa magugu ikahesabiwa kana kwamba inazungumzia ndoa.

Wengi hukimbilia kuitia ritifaa ndani ya mabano ya mraba, [\w']+, na ng'ombe akapona. Hata hivyo, mwandishi akimweka 'ng'ombe' ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja, alama hizo nazo huzolewa pamoja na neno. Mimi napendelea ruwaza inayoikubali ritifaa pale tu inapobanwa na herufi pande zote mbili:

[A-Za-z]+(?:['’][A-Za-z]+)*

Isome hivi: herufi moja au zaidi, kisha, mara sifuri au zaidi, ritifaa inayofuatwa na herufi nyingine. Tarakimu zimeachwa nje kwa makusudi, maana mwaka 2024 si neno. Alama ?: isidharauliwe, kwa kuwa ukiisahau, findall, amri ya Python inayokusanya yote yanayolingana na ruwaza, hurudisha kilichokamatwa na mabano peke yake: kwa ng'ombe utapata 'ombe, na kwa "wetu" utapata utupu.

Ritifaa zimeandikwa mbili kwa sababu kompyuta huziona kuwa alama tofauti. Ile iliyonyooka ina namba U+0027 katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama ya maandishi namba yake, na ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza, ni U+2019. Maandishi yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali huwa na zote mbili, kwa hiyo ni vyema kuzigeuza kuwa aina moja kabla ya kuhesabu, la sivyo ng'ombe na ng’ombe wataingia katika orodha yako kama maneno mawili.