Wakili wa Serikali si wakili wako

Kaa chini ya mwembe wowote karibu na mahakama ya wilaya huku kusini mwa Tanzania, iwe Masasi, Newala au Nachingwea, siku ya kesi ya ubakaji. Hutakosa ndugu wa binti anayenong'ona: "Yule dada wa suti nyeusi tunamlipa kiasi gani?" Hamumlipi kitu. Wala si wenu.

Hiyo ndiyo dhana mama, nyingine zimezaliwa humo. Watu wanadhani wakili wa serikali mwandamizi aliyejijengea jina kwa kesi za ukatili dhidi ya wanawake ni wakili wa mwanamke aliyeumizwa. Hati ya mashtaka haisemi hivyo, inasema Jamhuri dhidi ya fulani. Mwanamke ni shahidi, na anayeshtaki ni Jamhuri kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye mamlaka yake katika Ibara ya 59B ya Katiba. Wakili unayemwona kasimama anayatumia mamlaka hayo kwa niaba ya mkurugenzi. Wengi hulisikia hili kama habari mbaya. Mimi naona ndiyo kinga kubwa aliyonayo binti wa kijijini, maana kesi isiyo yake hawezi kulazimishwa kuiuza.

Wapo watakaojaribu kuiuza, lakini. "Tumeshayamaliza nyumbani" ni kauli utakayoisikia hasa msimu wa korosho, Oktoba kuendelea, fedha zinapoanza kuonekana mikononi. Kwa Wamakonde na Wamwera, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ndiye hukaa mbele kwenye kikao. Kiasi kinatajwa, mkono unashikwa, watu wanatawanyika wakijua kesi imekwisha. Haijaisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza usuluhishi kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine binafsi yasiyo makubwa. Ubakaji haumo. Hata utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, ulioingizwa mwaka 2019, umeyaacha nje makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka 5, na yale ambayo mwathirika ana umri chini ya miaka 18.

Tusijidanganye, mjomba si mjinga. Anajua kesi haifutiki kwa maneno yake, ila inaweza kufa kwa njaa. Katika rufaa ya Selemani Makumba ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji sharti utoke kwa aliyebakwa mwenyewe. Basi binti anapelekwa kwa shangazi yake Liwale, wito unakwenda na kurudi, tarehe zinaahirishwa. Hapa ndipo unapomtofautisha wakili mwandamizi na aliyeanza kazi juzi. Mwandamizi hangoji kikao cha ukoo kikae kwanza. Anaomba tarehe ya karibu, anamtanguliza binti awe shahidi wa kwanza, anahakikisha shauri linasikilizwa faragha ili asieleze yaliyompata mbele ya kijiji kizima.

"Ameshachezwa unyago, ni mtu mzima." Unyago sina ugomvi nao, mafunzo yake mengi yana heshima yake. Ila sheria haihesabu ngoma, inahesabu miaka. Aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake si utetezi, na mtu mzima akipatikana na hatia, adhabu haishuki chini ya miaka 30 jela. Kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari nako, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ni miaka 30. Kuna kona moja mbaya: kifungu cha ubakaji chenyewe kilimwacha nje mume wa binti wa miaka 15 na kuendelea. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu ndoa za umri huo vinakiuka Katiba.

Wanaume wengi husema pia kwamba wakili wa namna hii huingia mahakamani ameshamfunga mtu moyoni. Waende wakasikilize rufaa. Si ajabu hata kidogo wakili wa serikali kusimama mbele ya majaji na kusema anaiunga mkono rufaa ya mfungwa, kwa kuwa umri wa mtoto haukuthibitishwa, au mtoto alitoa ushahidi bila kiapo na bila kuahidi kusema ukweli. Anayewajali wanawake kweli huwa mkali zaidi kwenye mambo hayo mapema, kule wilayani, kwa sababu anajua hukumu iliyofumwa ovyo itafumuka.

Na kwamba mwendesha mashtaka husoma tu alichoandika polisi? Arusha ilishajibu. Mashtaka ya awali ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha, hayakuwa na ubakaji. Mwaka 1997 mashahidi wanawake wakautaja kizimbani, upande wa mashtaka, chini ya mwendesha mashtaka mkuu Louise Arbour, ukayarekebisha, na Septemba 1998 ubakaji ukatambuliwa kuwa unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari.

La PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, halinichukui muda: kuikosa si mwisho wa kesi, ingawa ukiwahi hospitali ni bora zaidi.

Tumrudie mjomba na hesabu zake za korosho. Sheria ileile inayotoa miaka 30 inaitaka mahakama imwamuru mfungwa alipe fidia, kwa kiasi itakachopanga yenyewe. Ila hiyo ni ya binti, haipitii mkononi mwa mjomba.