Kamera Inayoandika Inachokiona: Metadata Katika Mifumo ya CCTV

Chukua ghala lenye kamera 16. Mzigo umeibwa kati ya Ijumaa saa 12 jioni, geti lilipofungwa, na Jumatatu saa 2 asubuhi, lilipofunguliwa. Hapo katikati zimepita saa 62. Zidisha kwa kamera 16, unapata saa 992 za video. Mtu akiketi kuzitazama saa 8 kwa siku, atamaliza baada ya siku 124 za kazi. Hata akizikimbiza mbele kwa kasi, macho yatachoka mapema na jambo la sekunde 10 litampita. Sura ya mwizi inaweza kuwemo ndani ya diski, na mwizi asipatikane.

Yaliwakuta hata wenye uwezo mkubwa. Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za Boston Marathon nchini Marekani tarehe 15 Aprili 2013, FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilikusanya video na picha kutoka madukani, mitaani na kwenye simu za watazamaji. Picha za washukiwa wawili zilitolewa hadharani siku 3 baadaye, na kazi kubwa ilikuwa imefanywa kwa macho ya binadamu. Gazeti la Washington Post liliripoti kwamba mchambuzi mmoja alikitazama kipande kilekile cha video mara 400. Umma ulitajiwa washukiwa hao kwa kofia zao: mmoja nyeusi, mwingine nyeupe. Leo mpelelezi aliye na mfumo mzuri anaandika "mtu, kofia nyeupe, begi mgongoni", anachagua muda na eneo, na mfumo unamletea vipande vyote vinavyofanana na maelezo hayo.

Kinachowezesha hayo ni metadata, yaani maelezo yanayoandikwa sambamba na video. Fikiria daftari la mlinzi wa getini: gari limeingia saa ngapi, namba zake ni zipi, limetoka lini. Ukitaka kujua nani aliingia jana, unafungua daftari, hungoji mlinzi akusimulie siku nzima. Kamera za zamani ziliandika tarehe, saa na namba ya kamera tu. Za sasa zina chipu yenye programu ya akili unde (AI) iliyofunzwa kwa picha nyingi sana za watu, magari, pikipiki na wanyama, nayo huandika kilichomo ndani ya picha.

Utaratibu wenyewe unastahili kueleweka. Programu huchunguza fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, moja baada ya nyingine, ikachora kisanduku kuzunguka kila kitu inachokitambua na kukipa namba. Namba hiyo hukifuata kitu hicho mpaka kitoke kwenye picha, na ndivyo mfumo unavyojua kwamba mtu aliyeko mlangoni sasa ndiye aliyekuwa ukutani sekunde 20 zilizopita. Pembeni huandikwa aina ya kitu, rangi, upande kinakoelekea, wakati mwingine kasi yake, na kiwango cha uhakika wa programu. Mstari mmoja unaweza kusema hivi: kitu namba 47, gari, rangi nyeupe, linaelekea kushoto, 02:14:09, uhakika asilimia 88. Ni maandishi tu, na maandishi ni mepesi. Kamera inayotuma video kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 kwa siku 30 zinahitaji zaidi ya terabaiti 20. Metadata ya kamera hizohizo huchukua sehemu ndogo mno ya nafasi hiyo, na kompyuta huipekua kwa sekunde chache.

Faida ambayo walinzi wanaiona haraka zaidi ni kupungua kwa kengele za uongo. Kamera za awali zilipima mabadiliko ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha: sehemu ya picha ikibadilika, kengele inalia. Kwa hiyo ililia kwa mwembe unaotikiswa na upepo, kwa paka, kwa mvua, na usiku kwa wadudu wanaovutwa na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho ya binadamu, unaotoka kwenye kamera yenyewe. Buibui akitanda utando mbele ya lenzi, usiku mzima ni kengele. Mlinzi akisumbuliwa hivyo wiki moja huizima, na hapo mfumo mzima umekufa ingawa taa zake zinawaka. Metadata huruhusu amri yenye masharti: nitaarifu pale tu mtu au gari anapovuka mstari huu, baada ya saa 4 usiku, akitokea upande wa barabara. Mwembe na utikisike utakavyo.

Kuna jambo la ununuzi ambalo wateja wengi hawaambiwi. Kamera ya kampuni moja inaweza kuandika metadata ambayo mashine ya kurekodia ya kampuni nyingine haiisomi, na mteja akabaki na video bila daftari lake. Mwaka 2008 kampuni za Axis, Bosch na Sony zilianzisha ONVIF, chombo cha viwango vya pamoja ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuzungumza. Mwaka 2021 kilitoa kiwango kiitwacho Profile M, kinachohusu metadata na uchambuzi wa picha. Kabla ya kulipa, mwulize fundi kama kamera na mashine ya kurekodia zote zinakifuata. Akisema "hiyo haina shida", mwombe akuonyeshe kwenye karatasi za kifaa.

Jambo ambalo ningependa kila fundi alisikie ni la saa. Metadata yenye saa isiyo sahihi ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inasema uongo kwa kujiamini. Kamera nyingi huletwa zikiwa kwenye saa za China, ambazo ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Fundi asipobadilisha, wizi wa Jumamosi saa 2 usiku utaandikwa Jumapili saa 7 usiku. Sasa ongeza mazoea yetu ya kuhesabu saa. Shahidi anasema "ilikuwa saa mbili usiku", mfumo umeandika 20:00, na anayeandika maelezo haraka haraka anaweka 02:00. Makosa hayo mawili yakikutana, mtu asiye na hatia anaweza kuonekana alikuwa mahali ambapo hakuwapo. Dawa yake ni rahisi: kamera zote zisome saa kutoka chanzo kimoja kwenye mtandao, ukanda wa saa uwekwe wa Afrika Mashariki, na mtu ahakiki kila mwezi kwa kulinganisha na simu yake. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, nayo inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili makini ataanza na saa.

Kile kiwango cha uhakika nacho hupuuzwa sana. Mashine inaposema asilimia 88, imesema "huenda". Watu huisoma kama "ndiyo". Kwa rangi ya gari hasara ni ndogo, lakini kwa sura za watu mambo ni mazito, na yanatuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za kutambua sura. Nyingi zilichukulia watu wawili tofauti kuwa mtu mmoja mara 10 hadi 100 zaidi kwa sura za baadhi ya jamii kuliko nyingine, na miongoni mwa walioathirika zaidi walikuwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi na Mashariki. Mwezi uliofuata, Januari 2020, polisi wa jiji la Detroit, Marekani, walimkamata mwanamume mweusi mbele ya mkewe na watoto wake kwa wizi wa saa za mkononi ambao hakuufanya, baada ya programu kuifananisha picha hafifu ya dukani na ya leseni yake ya udereva. Kesi ikafutwa. Kwa hiyo nasema bila kusita: jina lililotolewa na programu ni dokezo la kuanzia uchunguzi, na lisitumike peke yake kumkamata mtu wala kumfukuza kazi.

Pia yafaa kukumbuka kwamba wepesi uleule wa kumtafuta mwizi unamtafuta kila mtu. Zamani faragha yako ililindwa kidogo na uvivu wa binadamu. Hakuna aliyekuwa na siku 124 za kukufuatilia. Sasa mwajiri anaweza kuuliza ni nani anakaa chooni muda mrefu, au mwenye nyumba akajua mpangaji hutembelewa na nani na siku zipi, bila kutazama video hata dakika moja. Ndiyo maana kuifuta video baada ya siku 30 huku metadata ikibaki miaka si kumlinda mtu. Viwili hivi vipangiwe muda wa kufutwa pamoja, na anayeruhusiwa kupekua ajulikane kwa jina, na kila upekuzi wake uandikwe.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Sheria zote mbili zinampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake, na zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Ukizuiwa mlangoni au ukiitwa ofisini kwa sababu mfumo umekutaja, omba mambo mawili kwa maandishi: video halisi ya tukio, na jina la mtu aliyeitazama kabla ya uamuzi kutolewa.